Diski Iliyokataa Sauti ya Baba

Wanaosema mwanamke hawezi mashini waje kwangu, hapa mjini Kasongo. Nitawapa kiti, nitawapa chai, kisha nitawaeleza habari ya diski yangu. Wakimaliza chai na bado hawajaamini, warudi kwao salama.

Nina kibanda cha picha na fotokopi karibu na soko. Juu ya bati kuna sola, chini ya meza kuna betri, na juu ya meza wakati ule kulikuwa na kompyuta niliyoinunua ikiwa imeshachoka. Matundu yake ya kuchomekea waya yalikuwa yamekufa yote, likabaki moja tu. Katika hilo nilichomeka kigawanyo, kile kidude chenye matundu yake kadhaa, na maisha yakaendelea.

Ndani ya kompyuta hiyo kulikuwa na sauti ya baba yangu. Alikuwa mwalimu wa madrasa na mkulima wa mpunga, na maneno hayakumwishia. Baada ya swala ya alasiri alikuwa akija kukaa kibandani, nami namrekodi kwa video. Alisimulia namna babu yake alivyotoka Nyangwe na mtumbwi uliojaa mikeka, namna ya kujua mpunga umekauka kwa kuuma punje, na namna mama yetu, Mungu amrehemu, alivyomkataa alipokwenda kuposa mara ya kwanza. Hapo alikuwa anacheka mpaka kofia inaanguka.

Kisha kiharusi kikamshika. Kikamchukulia mkono wa kulia na ulimi, kikamwachia akili yake yote. Aliendelea kuja kila alasiri, anakaa pale pale, ananyamaza. Na ile kompyuta ikaanza kuzimika yenyewe katikati ya kazi. Niliogopa, nisiseme uongo. Ikifa hiyo mashini, baba yangu angekuwa bubu kabisa, hata kwa wajukuu wake.

Nikamwagiza kaka yangu mkubwa, anayeuza vitenge Salamabila, aniletee diski ya nje ya kuhifadhia. Akaja nayo kwa pikipiki, ameifunga ndani ya shati lake. Nikaichomeka kwenye kigawanyo, nikaanza kunakili, nikaenda kuhudumia wateja. Niliporudi, kazi ilikuwa imekatika. Diski inalia tik, tik, halafu inapotea kwenye kioo, inarudi, inapotea tena. Picha ndogo zilipita. Video za baba, ambazo ni nzito, zilikwama njiani.

Nilijaribu kesho yake, ikawa vile vile. Kaka alisimama mlangoni akitazama, mikono mfukoni.

"Dada, hiyo iko na virusi," akasema. "Utume yote Bukavu kwa mafundi. Hii kazi itakuzeesha bure."

"Wewe uza vitenge vyako," nikamjibu. "Mashini uniachie mimi."

Alicheka, akapanda pikipiki akaenda zake. Mimi nikabaki na hasira, na hasira yangu ina faida moja, hainiachi nilale kwenye kazi. Nilisafisha virusi. Nilibadilisha waya. Nikaibeba diski mpaka parokiani, kwa padri mmoja ambaye huwa namtengenezea picha za ubatizo, tukaijaribu kwenye kompyuta yake. Ikafanya kazi bila neno. Basi diski ilikuwa nzima, ugonjwa ulikuwa kwangu.

Ijumaa ikafika. Nilianzisha kunakili, nikafunga kibanda nikaenda swala. Kurudi, nikakuta video kadhaa zimepita bila kukatika hata mara moja. Nikashangilia mapema. Jumamosi nikaendelea na zilizobaki, ikagoma. Nikajiuliza, Ijumaa ina nini ambacho Jumamosi haina?

Siku hiyo nilikataa wateja. Nilivuta kiti, nikakaa mbele ya meza nikaitazama tu, na baba ananitazama mimi. Akaingia jirani yangu muuza maandazi. Hakuuliza, huwa haulizi, akachomeka simu yake kwenye kigawanyo akatoka. Akaja shemeji yangu, naye akachomeka yake. Diski ikalia tik, ikapotea.

Kwetu, mwenye umeme ni sawa na mwenye moto wa jikoni. Jirani anakuja kuchukua kaa, humuulizi, humlipishi. Kwa hiyo simu za mtaa mzima zilikuwa zinanyonya umeme kwenye tundu lile lile moja pamoja na diski yangu. Mbuzi mmoja na watoto wengi, aliye dhaifu anaanguka. Ijumaa adhuhuri kila mtu anachukua simu yake anaenda msikitini, na diski inashiba peke yake.

Nikachomoa simu zote. Muuza maandazi aliporudi, uso ulimbadilika.

"Mama, leo unaninyima moto? Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea. Leo mpishe mzee kwanza."

Alikaa na sisi, amenuna kidogo. Diski haikulia tena. Video ya mwisho ilipopita nilijisikia mrefu kuliko mlango wa kibanda changu, nikalia pale pale mbele ya muuza maandazi, na sikujifuta haraka.

Haikupita muda, kompyuta ikafa moja kwa moja. Kaka akaja kunipa pole, uso wake wa msiba. Nilimkalisha karibu na baba, nikachomeka diski kwenye kompyuta nyingine niliyoipata, nikafungua video mojawapo bila kuchagua.

Baba akatokea kwenye kioo, anaeleza mpunga. Mara ikasikika sauti ya muuza maandazi kutoka mlangoni, "Mama, simu imezima, iko nafasi?" Halafu sauti yangu mwenyewe, kali, "Subiri basi, tuko tunarekodi." Na baba, bila kugeuka, akasema, "Mupe nafasi. Mutu hanyimwi moto."

Kaka aliinamisha kichwa, mabega yakatikisika. Sikujua kama analia au anacheka. Nadhani vyote viwili.

"Dada," akasema baadaye, "na mimi unitilie hizo, nipeleke Salamabila."

Lakini mimi nilikuwa namtazama mzee. Upande mmoja wa mdomo wake ulicheka, kisha akainua mkono wa kushoto akanyoosha kidole ukutani. Huko nilikuwa nimepigilia ubao wa kuchajia, waya wake unatoka moja kwa moja kwenye betri, haugusi kompyuta. Simu za majirani zilikuwa zimejaa, na ile ya muuza maandazi ya kwanza kabisa. Baba alizitazama moja baada ya nyingine, akanirudishia macho, akatikisa kichwa kwamba ndiyo.