Zamu ya Kutazama Maji

Serikali ilipotufungulia magharibi mwa Sydney, mwaka ule wa pili wa korona, jambo la kwanza alilotaka baba halikuwa kanisa wala kinyozi. Alitaka kwenda kuvua samaki. Miezi ile yote ya kufungiwa helikopta ya polisi ilizunguka juu ya nyumba zetu za Mount Druitt kama inzi aliyekosa dirisha. Baba alikuwa akitoka na barua ya ruhusa mfukoni kwenda kupakia nyama kwenye bohari, akirudi anaketi kwenye ngazi ya nyuma kutengeneza fimbo ya kuvulia ambayo haikuwa na ubovu wowote.

Baba alizaliwa ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, upande wa Uvira. Mimi nilizaliwa kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania, nikaletwa huku nikiwa na miaka tisa, na ziwa silijui ila kwa maneno yake. Huliongelea kama mtu anayeongelea shule aliyofaulu.

Mwaka huo nilikuwa nimemaliza chuo kikuu kitandani, mbele ya kompyuta. Shahada ililetwa na posta, ikakaa juu ya friji na vipeperushi vya piza. Kazi niliyoendelea nayo ilikuwa ileile ya mwanafunzi, kuwahudumia wazee katika nyumba moja ya kulelea huko Rooty Hill, na zamu zangu nyingi zilikuwa za usiku. Nilikuwa nikivaa na kuvua glavu hadi ngozi ya vidole ikabanduka. Nilichoka kiasi cha kusahau kama nimekula.

Hata hivyo sikuchoka kubisha. Kwa nini tusivuke kilomita tano kutoka nyumbani, na si sita? Nani alipima? Kwa nini sisi tugongewe mlango na wanajeshi, na watu wa ufukweni waonekane kwenye taarifa ya habari wakikimbia na mbwa? Pasta alipohubiri kwenye simu kwamba ugonjwa hauingii nyumba inayofunga na kusali, niliuliza, mbele ya familia nzima, kuhusu wale wazee ninaowaosha ambao wamesali maisha yao yote. Mama alizima simu. "Chuo kilikupa mdomo," alisema. Baba alicheka, akaanza kuniita Profesa.

Kwa hiyo niliponunua majaketi mawili ya kujiokolea, ya rangi ya chungwa, na kumweleza kwamba kule kwenye miamba ya bahari alikotaka kuvua sheria inataka yavaliwe, na kwamba kila mwaka watu huzolewa na bahari wakiwa wamesimama tu wanavua, alikuwa ameshajiandaa.

"Profesa. Nani alisema?"

"Serikali."

"Ile ya kilomita tano?"

Mama naye akacheka, lakini tulipokuwa tunatoka alinishika mkono mlangoni. "Umurudishe baba yako," aliniambia. "Samaki nitanunua dukani. Umurudishe yeye."

Nilikuwa nimetoka zamu saa moja asubuhi. Saa mbili tulikuwa kwenye treni, barakoa usoni, fimbo ya baba ikigusa dari. Tulibadilisha treni, tukapanda basi, tukatembea kwenye njia ya vichaka mpaka ardhi ikaisha. Chini yetu miamba ilijipanga kama ngazi pana, ya kahawia, na bahari ilikuwa imetulia kabisa. Hapakuwa na upepo. Kwenye mwamba wa jirani mwanamume mmoja wa Kivietinamu, mwenye jaketi kama letu, alitupungia mkono akarudi kwenye kazi yake.

Baba aliyatazama maji kwa muda wa kufinyanga tonge moja la bugali wa jana, maana hicho ndicho kilikuwa chambo chake.

"Unaona hapa?" Alipiga mwamba kwa kisigino. "Mukavu. Maji haifiki."

Nilimweleza nilichokuwa nimesoma. Kwamba bahari hii inaweza kukaa kimya nusu saa, kisha yakaja mawimbi matatu makubwa yaliyozaliwa na dhoruba ya mbali, siku ambayo hapa hakuna hata upepo wa kuinua karatasi. Kwamba mwamba mkavu maana yake ni jua tu.

"Wimbi bila upepo," alisema baba. "Nani anaipuliza?"

Jibu nilikuwa nalo. Lakini nililijua kwa kusoma tu, na kwa miezi mizima nilikuwa nimewaambia watu wa nyumbani kwangu kwamba jambo kuandikwa mahali hakulifanyi kuwa kweli. Niliona ananisubiri kwa furaha, nikamnyoshea jaketi lake.

Tulielewana nusu. Mimi nilivaa langu. Yeye alilikunja lake akalikalia, kwa sababu mwamba ulikuwa mgumu. "Weye tazama maji," alisema. "Mimi nitatazama samaki." Kwa hiyo nikapewa zamu nyingine.

Samaki alikuja kabla ya saa tano. Alikuwa wa kijivu, kifua kipana, na alipinda fimbo hadi baba akasimama na kusema naye kwa sauti ya chini, "Kuja, kuja, usiogope." Nilimpima kwa rula, akatosha kipimo cha sheria. Sikuwa nimemwona baba na uso ule tangu kabla ya kufungiwa, na pengine hata kabla ya hapo.

Kwa watu wa kwao, samaki hapelekwi nyumbani na matumbo yake. Anaparwa magamba na kupasuliwa palepale alipotoka, na matumbo yanarudishwa majini kwa mkono, si kwa kutupa. Niliwahi kumuuliza kama ni dini. Alisema hapana, ni adabu tu, kama vile huwezi kula kwa mtu ukaondoka bila kuaga. Akachukua kisu, akashuka hadi kidato cha chini kabisa, pale maji yalipokuwa yakiramba mwamba polepole.

Nilimwona akichuchumaa. Aliipa bahari mgongo, maana jua lilikuwa upande huo na alitaka kivuli chake kiangukie juu ya samaki. Nilikumbuka kwamba napaswa kumwambia ageuke. Mgongo wangu uliegemea jiwe lililopata moto, kola ya jaketi ilinishika shingo kama mto wa kulalia, na nilijiambia nitamwambia sasa hivi.

Nilichosikia baadaye ni mtu akipiga kelele, na haikuwa sauti ya baba. Nilifumbua macho nikaona baba akipara magamba, kichwa kimeinama, na nyuma yake maji yamesimama marefu kumpita, bila sauti. Niliita. Sijui kama niliita kwa nguvu.

Maji yalipoteremka, hakuwa pale. Alikuwa chini zaidi, amelala kifudifudi, mkono mmoja umezama kwenye ufa wa mwamba hadi kiwiko. Nilianza kushuka, yule mwanamume wa mwamba wa jirani, ameshafika mbio, akanivuta kwa mkanda wa jaketi, akanisukuma nyuma, akarusha kamba yenye boya. Wimbi la pili lilimfunika baba. Nilihesabu, sijui kwa nini, nikafika saba. Alipoonekana tena alikuwa ameizungusha kamba kwapani, nasi tukavuta, na yeye akapanda kwa magoti. La tatu lilipofika lilikuta kidato kitupu.

Tulimketisha juu. Magoti na viwiko vilikuwa vimechunika, kiatu kimoja hakipo. Yule mwanamume alilitazama lile jaketi lililokunjwa, kavu, lenye alama ya makalio ya mtu, kisha akanitazama mimi. Aliuliza kama baba anahitaji gari la wagonjwa. Baba akatikisa kichwa, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. Mtu yule alikunja kamba yake akarudi kwenye fimbo.

Baba alikohoa kwa muda mrefu.

"Samaki?" aliuliza.

"Ameenda."

"Ulisinzia."

"Nilisinzia, baba."

Nilingoja aseme zaidi. Angesema zaidi ningemjibu, ningetaja zamu, ningetaja jaketi alilolikalia. Lakini aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayesikia habari za mfanyakazi mwenzake. Yeye mwenyewe aliwahi kusinzia akiendesha gari la kunyanyulia mizigo.

Kwenye treni watu walitupisha, wakidhani majimaji yale na kukohoa kule ni ule ugonjwa. Mama alifungua mlango, akautazama mguu usio na kiatu.

"Nilikuambia nini?"

"Nimemrudisha," nilisema, nikaingia kulala.

Wiki mbili baadaye baba alivaa jaketi kuanzia nyumbani. Alisimama nalo kwenye stesheni ya Mount Druitt, limefungwa hadi kidevuni, na watoto wa shule wakamcheka, naye akatazama mbele. Kule miambani hakutoa ndoano. Alisema, "Tutazame kwanza," na tukatazama, nusu saa kamili kwa simu yangu. Mara moja, wakati tusioutazamia, maji yalipanda yakaosha kile kidato chote, yakashuka kama hayakufanya kitu.

"Upepo wake iko wapi?" aliuliza.

"Mbali, baba. Huko kusini."

Nilingoja aniulize nani alisema. Hakuuliza, na sikufurahi kama nilivyodhani ningefurahi.

Alipata samaki mmoja, mdogo kuliko yule. Alikitazama kile kidato cha chini muda mrefu, kisu mkononi, halafu akampasulia samaki pale juu, kwenye mfuko wa plastiki. Matumbo alinipa mimi niyarushe. Nilirusha kwa nguvu zote nilizokuwa nazo baada ya zamu, lakini hayakufika. Yaliangukia mwambani, na ndege weupe wakayachukua kabla maji hayajayagusa. Baba aliwatazama wale ndege, akafuta kisu kwenye suruali, akatia chambo kingine.

Mimi nilikuwa nimesimama. Ningeketi ningelala.