Hita ya boti Maskati, na kanga mbili za Bibi

Wakuu, kwema humu?

Juzi mdau mmoja kauliza kwa kejeli: kuna mtu mwenye akili timamu aliyewahi kuwasha hita kwenye boti Maskati? Watu wakacheka weee. Mtu huyo ni mimi. Leo nawasimulia kama ilivyokuwa, na chumvi sitii.

Ni miaka ile ya sitini, baada ya Mapinduzi. Tulitoka Unguja na tulichovaa, tukafikia Matrah kwa Ami Seif, ndugu yake baba. Mimi kijana, ufundi wa injini nilishajifunza Unguja. Ami alikuwa akipeleka mchele na unga vijiji vya pwani, kikiwemo Qantab. Siku hizo Qantab huendi kwa gari. Ni baharini tu.

Boti yake aliinunua kwa Mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Ndogo, ina kebini ya kulala watu wawili kwa kubanana. Ndani ya kebini kuna hita ya mafuta ya taa, maana boti ilitengenezwa kwa ajili ya nchi za baridi.

Ami alicheka mpaka akatoa machozi. Mabomba ya kusambazia hewa moto akayang'oa ili apate nafasi ya magunia. Moja akalifanya la kumiminia mafuta kwenye mapipa. Hita yenyewe ilinusurika kwa sababu skrubu zake zilishika kutu zikagoma kutoka.

Sasa, anayedhani Maskati hakuna baridi aende baharini mwezi wa Januari, upepo wa kaskazini ukivuma. Atanitafuta aniombe radhi.

Januari hiyo, asubuhi moja, akaja mvuvi wa Qantab na habari. Dada yangu Zuwena, aliyeolewa kule, kajifungua kabla ya miezi kutimia. Mtoto wa kike, mdogo mno, hanyonyi, mwili haushiki joto. Bibi yetu mzaa mama, Bi Nasra, alikuwa kule anamuuguza. Ameagiza waletwe hospitali Matrah, lakini mzazi na kitoto wasipigwe na upepo.

Kwetu hilo si la mjadala. Mzazi ndani ya arubaini hufungwa tumbo, hukandwa kwa maji ya moto, na upepo haumgusi. Ukimgusa, bibi zetu wanasema, utamrudia uzeeni.

Ami akanitazama. Mimi nikaitazama hita. Safari hii hakucheka.

Wale wa ufundi, hapa ndipo penu. Mabomba hayakuwepo, basi nikakata madebe ya samli, nikayakunja, nikayaunga kwa riveti. Dakti mbili tu, yaani njia za hewa moto: moja fupi ya mlangoni, ya pili imepita chini ya kitanda mpaka mbele. Kona nilizipunguza, kwa sababu kila kona inakula joto. Nikazizungushia gunia zisiunguze mbao. Moshi ukawa na bomba lake, unatokea nyuma ya boti, mbali na watu.

Na venti mbili, matundu ya hewa safi. Moja chini karibu na mlango, ya kuingizia. Nyingine juu ya paa, ya kutolea. Hita ile ilikuwa inavuta hewa ya kuwakia humo humo kebini, kwa hiyo ukiziba venti, umeinyonga hita pamoja na waliomo.

Adhuhuri nikawasha. Kebini ikapata joto zuri, moto wa buluu, ndio unaowaka salama. Tukaondoka.

Qantab tukawapakia Zuwena na mtoto, na Bibi akaingia kebini na chetezo chake, makaa yanawaka, ya kumfukiza mzazi. Nikamkatalia.

"Bibi, makaa humu hapana. Joto lipo."

"Haya mwanangu, boti yenu," akasema. Alikubali upesi mno, na kwa anayemjua Bi Nasra, hiyo ni dalili mbaya.

Mimi kwenye usukani, Ami pembeni yangu, mlango wa kebini umefungwa. Mawimbi yanatupiga ubavuni, baridi inaingia mpaka kwenye meno. Tulikuwa katikati ya njia nilipotupa jicho kwenye paa.

Kwenye venti ya juu kulikuwa na ncha ya kanga inapepea.

Wakuu, venti imezibwa! Nikamwachia Ami usukani, nikaenda kufungua mlango. Mzito. Venti ya chini nayo ilikuwa na kanga, imeshindiliwa vizuri kabisa, ndiyo imebana mlango. Nikausukuma kwa bega.

Ndani moto wa hita umekuwa wa njano, harufu ya mafuta imejaa. Bibi anasinzia, tasbihi imemdondoka. Zuwena macho nusu, ananiambia kichwa kinampasuka. Mtoto katulia. Katulia mno.

Nikazima hita, nikazichomoa kanga zote mbili.

"Funga mlango!" Bibi kazinduka. "Utamuua mzazi kwa upepo!"

"Bibi, hewa imekwisha humu! Mnakufa!"

Nikamchukua mtoto, nikamleta mlangoni. Ami kavua koti lake kamfunika, akawa anamsugua mgongo huku anasoma dua. Mimi nilikuwa naogopa hata kumtazama usoni.

Akapiga chafya. Kisha akalia. Sauti nyembamba lakini kali. Zuwena naye akaanza kulia, akasema tangu azaliwe hajamsikia akilia hivyo.

Kazi ikabaki. Bila hita, mtoto atapoa. Na hita ikiwaka, venti lazima ziwe wazi, na ile ya chini inampuliza mzazi moja kwa moja. Hapo, kusema kweli, Bibi alikuwa na haki yake.

Nikamweleza pole pole hewa inaingia wapi, inatokea wapi. Akasikiliza. Kisha akajifunga kanga zake mbili, akaenda kukaa chini baina ya venti na kitanda, mgongo kwenye upepo.

"Washa hita yako," akasema. "Upepo unipige mie. Mie si mzazi."

Alikaa hivyo mpaka Matrah, anatetemeka, wala hakusogea. Hospitali walimpokea mtoto akiwa na joto. Bibi alikohoa mwezi mzima, na kila akikohoa analaumu madebe yangu.

Funzo langu ni hili: usizibe venti ya chombo chochote chenye moto ndani. Na wazee waelezeni kabla hamjang'oa nanga, msingoje katikati ya maji.

Yule mtoto ni Raya. Sasa ni bibi mwenyewe, anakaa Al Khuwair. Mwezi uliopita binti yake kajifungua, nikaenda kutoa hongera. Naingia chumbani, nakuta kanga imeshindiliwa kwenye tundu la AC juu ya kitanda.

"Raya, toa hicho kitambaa, utaunguza mashine."

"Mjomba, upepo unampiga mzazi!"

Akaitoa lakini, kwa kunung'unika. Kisha akaburura kiti, akakiweka baina ya AC na kitanda, akajifunga ile kanga na kukaa, mgongo kwenye upepo.

Mimi sijawahi kumsimulia habari ya siku ile.

Nawasikiliza. Na yule mdau wa hita, nakungoja wewe kwanza.