Ukucha Kabla ya Mashine

Nakumbuka Ijumaa moja hapa Kitengela, upepo ukirusha vumbi jeupe kama unga, nilipoharibu pikapu ya mzee mmoja siku moja tu kabla ya harusi ya binti yake. Mwanangu, wewe unayeniona leo na mashine mkononi, watu wakiniita fundi, unaweza kudhani nilizaliwa nikijua kung'arisha magari. Sikuzaliwa nikijua. Kaa hapo nikueleze, na usicheke mapema, maana pahali pa kucheka papo mbele.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Baba alitangulia, mama akamfuata, na mimi ndiye niliyekuwa mkubwa wa watoto wanne. Shule niliiachia kidato cha pili ili wadogo zangu wasiiache. Nikapata kibarua cha kuosha magari kwa Fundi Wambua, kando ya barabara ya Namanga. Kibarua ni kibarua. Siku ya mvua hakuna aliyeleta gari kuoshwa, na siku isiyo na gari, sufuria ya nyumbani ilijua. Kazi ya kudumu pale ilikuwa ya mashine ya kung'arisha, ile inayozungusha sponji juu ya rangi na kuondoa mikwaruzo. Aliyekuwa akiishika alikuwa amehamia Ngong, na kwa miezi miwili Wambua alikuwa akinifundisha kidogo kidogo.

Wambua alikuwa mtu mpole, na kofia yake ya sufi haikutoka kichwani hata jua likiwaka. Maneno yake yalikuwa machache. "Osha, halafu osha tena. Vumbi la hapa ni msasa, ukilizungusha na mashine unaongeza mikwaruzo." Akishamaliza hilo, alinishika kidole na kupitisha ukucha wangu juu ya mlango wa gari. "Ukucha ukiteleza, mkwaruzo uko kwa ngozi ya juu, mashine itautoa. Ukucha ukikwama, mkwaruzo umeingia ndani. Huo unapunguza makali tu, halafu unauacha. Na kingo zote unaziba na tepu ya karatasi, kwa sababu pale rangi ni nyembamba kama ngozi ya kitunguu."

Ijumaa hiyo Mzee Sironka alileta pikapu yake nyeusi. Kwake kulikuwa nje kidogo ya mji wa Kajiado, na wiki nzima alikuwa ameizungusha hadi Ewuaso Kedong kualika watu wa ukoo. Huko alipita njia za ng'ombe, na miiba ilikuwa imeichora pikapu pande zote mbili kama daftari la mtoto wa chekechea. Niliinamisha kichwa kama watoto wa Kimaasai wanavyosalimia wazee, akanigusa utosini.

"Kesho inabeba bibi harusi," alisema. "Si lazima ing'ae kama kioo. Lakini wakwe wasiseme nimemtoa binti yangu kichakani."

Mzee alipokwenda sokoni, Wambua alinipa mashine. "Hii pikapu ikitoka vizuri, Jumatatu mashine ni yako. Lakini huo mkwaruzo wa kwa mkunjo wa boneti, uache. Umesikia?" Nikasema nimesikia. Akapanda bodaboda kwenda Athi River kutafuta dawa ya kung'arishia, maana ya kwetu ilikuwa ikikaribia kwisha.

Mwanzo kila kitu kilikwenda vizuri. Niliosha mara mbili, nikaziba kingo za milango, nikaanza upande wa dereva. Hakuna raha kama ile. Unapitisha mashine polepole, unapangusa, na mahali palipokuwa na michoro ya miiba unaona mawingu. Nikamaliza upande mmoja, nikamaliza wa pili, nikaanza kujisikia mtu mkubwa. Nikafika kwenye boneti. Nikauweka ukucha juu ya mkwaruzo ule niliokatazwa. Ukakwama.

Nilijua maana yake, mwanangu, na nikajifanya sijui. Nilitaka Wambua akirudi akute ameshindwa yeye na nimeweza mimi. Hata tepu sikuiweka pale kwenye mkunjo. Nikaongeza kasi, nikailaza mashine ubavu, nikaikandamiza kwa bega. Mkwaruzo ukaanza kufifia, nikafurahi, nikakandamiza zaidi. Halafu nikasikia harufu ya kitu kinachoungua.

Nilipoinua mashine, mkwaruzo ulikuwa umekwisha kabisa. Rangi nayo ilikuwa imekwisha. Pale kwenye mkunjo palibaki doa la kijivu, rangi ya msingi inayopakwa chini ya rangi yenyewe, ukubwa wa kidole gumba, likinitazama kama jicho.

Haraka haraka haina baraka, na mimi nilikuwa nimefanya haraka ya aina mbili. Ya kwanza ilichoma rangi. Ya pili ndiyo mbaya zaidi. Asubuhi nilikuwa nimenunua mkebe wa polishi nyeusi ya viatu kwa ajili ya mdogo wangu Shadrack, aende shule akiwa nadhifu. Nikautoa mfukoni, nikachovya kidole, nikapaka lile doa, nikalifuta taratibu mpaka likafanana na boneti. Ukisimama hatua tatu huoni kitu. Niliiona Jumatatu ikija na mashine yangu ndani yake, na nikajiambia kwamba kwa mashine ile watoto watakula hata siku za mvua.

Wambua na Mzee Sironka walifika karibu wakati mmoja. Wambua aliizunguka pikapu, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mzee alijitazama mlangoni, akaona kofia yake mwenyewe, akacheka. Halafu akatoa kibuyu nyuma ya kiti. Kilikuwa na maziwa, na mdomo wake umezibwa kwa nyasi mbichi.

Mimi kwetu ni magharibi, mwanangu. Desturi hii nilikuwa nimeisikia tu. Mzee alichovya nyasi kwenye maziwa, akaanza kuinyunyizia pikapu huku akiomba kwa Kimaasai, na kila alipotua, watu wa kwao waliokuwa wakipita waliitika, "Naai," yaani Ee Mungu. Alibariki magurudumu, akabariki mlango atakaoingilia binti yake, akaja kwenye boneti. Matone yakatua. Boneti ilikuwa na joto la jua. Nikayaona maziwa yakiteremka pole pole kuelekea kwenye polishi ya viatu.

Sikufikiri. Niliruka na kitambaa nikayapangusa.

Hata mama wa mboga aliyekuwa ng'ambo aliacha kumenya mbaazi.

"Nimebariki ng'ombe," Mzee Sironka alisema taratibu, "nimebariki watoto, nimebariki hata trekta. Sijawahi kuona mtu akipangusa."

Kitambaa changu cheupe kilikuwa na doa jeusi, na kwenye boneti jicho la kijivu lilikuwa limefumbuka. Wazee walisema mficha maradhi, kilio humfichua. Mimi sikungoja kilio, nilijifichua kwa kitambaa changu mwenyewe.

Mzee aliinama akalichungulia. "Hapa ni mwiba ulifanya hivi?"

Ona sasa, mwanangu, mlango ulivyofunguliwa. Nilikuwa na la kusema: ndiyo, mzee, ni mwiba. Angeniamini, maana ni yeye aliyepita kwenye miiba. Wambua alikuwa akinitazama. Lakini Jumapili iliyotangulia Shadrack alikuwa amevunja beseni la jirani na kulificha chini ya kitanda, na mimi nilimtembeza na vipande mikononi mpaka mlangoni kwa jirani, akaomba radhi huku akilia. Ningerudi nyumbani jioni nimwambie nini?

"Si mwiba, mzee. Ni mimi. Fundi aliniambia hapo niache, sikuacha. Nimechoma rangi, halafu nikapaka polishi ya viatu."

"Ya viatu?"

"Ya viatu vya ndugu yangu."

Alitazama boneti, akatazama kandambili zake za tairi. "Basi gari yangu iko tayari kwenda shule," alisema, na mama wa mboga akawa wa kwanza kuangua kicheko.

Lakini hakuacha mambo yaishie kwenye kicheko. Alinisogelea akanena kwa sauti ya chini, na maneno yale nimeyabeba hadi leo. "Mwiba ulinikwaruza kwa sababu nilipita kwake. Hauna makosa. Wewe nilikuja kwako. Rangi nimesamehe, rangi inanunuliwa. Lakini angalia vile umefanya: ulikuwa na kitu cha kuficha, hata baraka ikikuja unaifukuza."

Kisha akachukua nyasi za kibuyu, akazifunga mbele ya boneti zikalala juu ya lile doa. "Na hii si kuficha," alinionya. "Kwetu nyasi ni amani. Mtu akiniuliza kwa nini nimeziweka hapa, nitamwambia yote." Akanyunyiza maziwa upya. Safari hii mikono yangu niliifunga nyuma, na niliitika "Naai" kwa sauti kuliko wote.

Na kweli aliwaambia. Jumatatu alipoileta pikapu ipakwe rangi boneti, alisimulia kwamba binti yake Nashipae, ambaye kwa desturi alipaswa kuondoka kwao kwa utulivu bila kutazama nyuma, aliposikia habari ya polishi ya viatu alicheka mpaka shangazi zake wakamkemea. Wakwe hawakuuliza habari ya kichaka. Waliuliza gereji iko wapi.

Mashine sikupewa Jumatatu hiyo. Wambua hakuwa mtu wa kugombeza, ila hakuwa mtu wa kusahau pia. Alinitolea mlango wa gari bovu nyuma ya gereji, akauweka juu ya madebe mawili. "Choma huu," aliniambia.

"Nichome, fundi?"

"Choma kwa makusudi. Kila baada ya kupitisha mashine, weka mgongo wa mkono uone joto. Choma mpaka ujue moto unakuja ukiwa bado mbali."

Kwa wiki mbili nilikuwa naosha magari ya watu mchana, na yakipungua nauunguza mlango ule. Wapita njia walinicheka. Lakini nikajifunza ni wapi rangi inaanza kulalamika na ni wapi inaanza kufa. Siku nilipoweza kumaliza upande mzima bila doa, pamoja na mkunjo wake, Wambua alinipa mashine bila hotuba, akavua kofia yake, akajikuna kichwa, akairudisha. Ndipo nilipojua amefurahi. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kwa mashine ile wadogo zangu watatu walimaliza shule, na Shadrack unayemjua huvaa viatu vinavyong'aa mpaka leo, nadhani kwa kunisuta.

Sasa nasaha zangu ni hizi, mwanangu. Weka ukucha kabla ya mashine. Katika kazi, katika ndoa, hata katika ugomvi na rafiki, jua kwanza jambo limeingia kina gani. Lililo juu, ling'arishe liishe. Lililoingia ndani, lipunguze makali kisha uliache, maana kuna mikwaruzo ambayo ukilazimisha kuiondoa utaondoa na gari lenyewe. Mkubwa akikwambia acha, huenda amekwisha kuchoma mlango wake. Na ukiharibu, kwa sababu utaharibu, sema ukiwa bado umeshika kitambaa cheupe. Usimwachie mtu akupe uongo wa kuazima, hata kama ameuleta mwenyewe kwa wema.

Inamisha kichwa nikuguse, kama nilivyoguswa. Mikono yako isikose kazi, na kazi yako isikose ukweli. Miiba ya njia ikuchore juu juu tu, isikufike ndani. Watoto wa mama mmoja wasitawanyike mbele ya macho yako, na baraka ikikujia, ikukute huna cha kupangusa.

Itika, mwanangu: Naai.