Shangazi Aliyeapa Kunyamaza

Kwenye vilima vilivyo juu ya Mbalizi, kila mama mwenye binti anayekua alimjua Tupokigwe. Alikuwa mjane asiye na mtoto, akilima pareto na ulezi jirani na mdogo wake, Saulo. Msichana akivunja ungo alipelekwa kwake, kwa kuwa kwa desturi ya pale ni aibu mama kuzungumza mambo hayo na bintiye. Alimweka ndani siku saba. Alimfundisha kujitunza, kuhesabu siku zake, na jinsi mimba inavyoingia, bila kuzungukazunguka.

"Mara moja inatosha," alikuwa akiwaambia. "Atakayekwambia haitoshi, muulize siku ya kuzaa atakuwa wapi."

Mwaka 1953 Saulo alichaguliwa kuwa mzee wa kanisa. Mwaka huohuo baraza la wazee likaamua kwamba kufunda wasichana ni mambo ya giza. Tupokigwe akaitwa mbele ya wanaume watano.

"Dada, sema mbele ya wazee kwamba umeacha," alisema Saulo.

"Nikiacha, nani atawaambia?"

"Watasoma katekisimu."

"Katekisimu inasema nini juu ya damu ya mwezi?"

Mmoja wao alikohoa. Kisha wakamwambia achague: wasichana wake au meza ya Bwana. Tangu amzike mumewe, kanisani ndipo mahali pekee alipojiona bado ni mtu kati ya watu. Akaapa kuacha. Na kwa bahati mbaya alikuwa mwanamke wa kushika neno lake.

Miaka mitatu baadaye walikuwa wakichuma pareto, yeye na Alinanuswe, binti wa kwanza wa Saulo, mwenye miaka kumi na tano. Msichana aliacha kuchuma.

"Shangazi, mwinjilisti alisema watoto ni zawadi Mungu anayowapa waliofunga ndoa."

"Ndiyo, alisema."

"Sasa ambao hawajafunga ndoa, hawapewi?"

Tupokigwe alilielewa swali lote, hata lile lililokuwa nyuma yake. Jibu lilimfika mdomoni. Akawawaza wale wanaume watano, akainama tena kwenye maua.

"Kamuulize mama yako."

Alinanuswe alikwenda kumuuliza. Mama yake, Tusekile, alimkemea. "Mambo hayo ni ya shangazi yako. Usinitie aibu."

Siku zile kulikuwa na seremala kutoka Iringa, jina lake Silvester, aliyeletwa kutengeneza mabenchi ya kanisa. Alikuwa na sauti nzuri, na aliimba akipiga randa. Mabenchi yalipokwisha aliondoka. Miezi mitano baadaye Tupokigwe alimwona Alinanuswe akipandisha kilima na mtungi, akajua kwa mwendo wake.

Saulo alipanda basi kwenda Iringa kumtafuta yule fundi. Alimkuta na mke na watoto watatu.

"Mzee, mbona binti yako hakukataa?" aliuliza Silvester, na mkewe akisikia.

Saulo alirudi nyumbani, akamfungia binti jikoni ili waumini wasimwone. Tupokigwe alimsihi ampeleke hospitali ya mjini mapema, maana nyonga za msichana yule zilikuwa bado changa. Saulo alikataa. Alinanuswe aliumwa uchungu siku tatu. Siku ya nne walimbeba kwa machela hadi barabarani, wakapata lori la viazi. Mtoto alikuwa amekwisha kufa tumboni.

Alinanuswe alipona, kama kupona ni kutokufa. Uchungu ule mrefu ulikuwa umemtoboa ndani. Haja ndogo ilimtoka mchana na usiku bila yeye kuizuia. Daktari alisema hapo hakuwa na la kumfanyia. Kwa baba yake walilalamikia harufu, basi shangazi akamchukua. Kila asubuhi Tupokigwe alichemsha vitambaa, akavianika nyuma ya nyumba.

Siku moja, wakianika, alisema, "Mwanangu, nisamehe."

Alinanuswe alinyoosha kitambaa juu ya kamba mpaka kisiwe na mkunjo hata mmoja.

"Nilikuuliza, Shangazi," alisema. "Wewe nilikuuliza."

Neno hilo hakulirudia tena. Tupokigwe hakupata msamaha, na hakuuomba mara ya pili. Alikwenda kwenye baraza, akawaambia wale watano kwamba kiapo chao anakirudisha. Wakamtenga na meza ya Bwana siku hiyohiyo. Akina mama wakaanza tena kuwaleta mabinti, mmoja mmoja, kwa njia ya mtoni wasionekane.

Mwaka 1959 alikuja Tusekile, na kapu la maharage kichwani, akifuatana na Yudith, binti yake wa pili.

"Baba yake ndiye aliyesema nimlete," alisema, bila kumtazama wifi yake usoni.

Tupokigwe alimpokea msichana, akafunga mlango.

Jumapili ile, Yudith akiwa bado ndani kwa shangazi yake, Saulo alisimama kanisani kama kawaida kusoma majina ya waliotengwa, waumini wajue wa kuepuka. Alisoma jina la Tupokigwe la kwanza, kwa sauti iliyofika hadi mlangoni. Tusekile alikuwa benchi la mbele. Aliitikia amina pamoja na wengine.