Mikono Nyuma

Wodi nzima ya wazazi ilimwita Mikono Nyuma. Kila alipokwenda kumsaidia mzazi kunyonyesha, mkunga huyu alifunga mikono yake mgongoni akaelekeza kwa maneno tu. Wenzake, kwa jinsi vitanda vilivyofurika, walikamata titi la mama, wakamsukumia mtoto kichwa, akashika, wakapita zao. Kazi ilikwenda chapuchapu, hilo halina ubishi. Lakini mama huyo akishafika kwake, nani atamkamatia? Ndiyo maana wengi walirudi chuchu zimechanika na mtoto amekonda. Mikono Nyuma alisemwa kwamba ni mzito wa kazi. Alisikia, akatia pamba masikioni.

Kisha binti yake wa pekee akajifungua, wodi ile ile.

Mtoto alianza vituko tangu asubuhi. Anashika ncha ya chuchu, anaiachia, analia mpaka sauti inakauka. Alikuwa akipewa matone tu ambayo mama yake alijikamulia kwenye kijiko. Kufikia alasiri binti naye alikuwa analia, akisema hawezi tena, apewe chupa yaishe. Mama mkwe wake, mwanamke wa moyo mzuri ila hana subira hata ya kungoja chai ipoe, alikuwa ameshanunua maziwa ya kopo. Akamuuliza mkunga, kwa heshima zote, inakuwaje mjukuu wao ashinde na njaa na bibi yake fundi amesimama tu kama aliyekuja kutazama wagonjwa.

Maneno yale yalimchoma. Mikono ilimwasha. Angeweza kuimaliza shughuli ile kufumba na kufumbua, na nani angemlaumu? Akavibana vidole huko nyuma mpaka vikauma.

“Mama, nisaidie,” binti alisema. “Mshikishe wewe.”

“Nakusaidia, mwanangu. Egemea kwanza. Tumbo lake kwenye tumbo lako. Pua yake ielekee chuchu. Sasa ngoja apanue mdomo.”

“Hapanui.”

“Atapanua. Mngoje, hana basi la kuwahi.”

Mama mkwe alicheka bila kutaka, akaliweka kopo chini ya kitanda. Mtoto akanusanusa, akahangaika, mara akaachama mdomo wote. Binti, bila kuambiwa, akamvuta kifuani upesi. Mashavu yakajaa. Wote watatu wakamsikia anameza.

Mkunga akainama kutazama kama mdomo wa chini umebinuka vizuri. Binti akainua kiganja kumzuia.

“Usimguse, mama. Nimeweza mwenyewe.”

Miaka yote ya kazi, hakuna aliyewahi kumfukuza kitandani kwa maneno matamu namna ile. Alijisikia fahari. Alisimama pale pale, machozi yakimtiririka mbele ya mkwe, mbele ya wodi nzima, wala hakuyafuta.