Miguu Iliyonyamaza

Bado naikumbuka ile Jumapili, mwanangu, vile Kukhu alisimama kanisani Kimilili kutoa ushuhuda. Kukhu ni mama ya mama yangu, huyo anakubeba mgongoni akikuimbia kwa Kibukusu. Ana sukari tangu mimi nikiwa shule ya msingi, na baadaye sukari ikamshika miguu. Ilikuwa inamchoma kama mtu ametembea kwa majivu ya moto. Hata shuka ikimgusa vidole analalamika. Halafu mwaka jana, polepole, moto ukaisha. Akaenda mbele ya watu, akarukaruka kidogo, akasema Mungu amemponya. Watu wakapiga makofi, mama mmoja akalia. Kuanzia siku hiyo akaacha dawa. Kwake, mtu akishashuhudia halafu aendelee kumeza tembe, amemuita Mungu mwongo.

Nilifurahi, sitakudanganya. Lakini mimi swali likiniingia siwezi kutulia, na hili lilikuwa limeniingia: kama maumivu yametoka, mbona Kukhu anapoteza ndala njiani na hajui? Anafika nyumbani mguu mmoja uko wazi, anashangaa. Nikamfuata akipukuchua mahindi nikamuuliza miguu iko aje.

"Imenyamaza," akasema.

"Imenyamaza ama imepona?"

"Wewe unauliza kama polisi wa barabara. Leta karai."

Nikaleta karai. Lakini swali halikutoka.

Sasa unajua baridi yetu ya Julai, ikishuka kutoka mlimani. Na unajua magunzi, yale yanabaki mahindi ikishapukuchuliwa, ndiyo kuni yetu. Makaa yake ni mekundu na hayana moshi, kwa hivyo wazee wanapenda kuyasogelea. Jioni moja Kukhu ameketi kwa kigoda, miguu mbele ya moto, ananihadithia vile bei ya mbolea imepanda. Nikasikia harufu kama ya kwato ikiungua. Nikaangalia sufuria, hakuna kitu. Nikaangalia chini, soksi ya Kukhu inafuka moshi. Na yeye bado yuko kwa mbolea, hajakata hata neno.

Nilimvuta mguu mpaka karibu aanguke. Soksi ilikuwa imeshikana na ngozi ya kisigino. Na hapo chini ya kidole kikubwa kulikuwa na kidonda kingine, cha zamani, hakujua kiko.

Ukidhani alikubali kwenda hospitali, humjui Kukhu. Daktari wetu wa Kimilili anaimba kwaya na yeye. Kukhu akaniuliza, "Nitamwambia nini? Ati Mungu amebadilisha mawazo?" Hakuwa anatania, mwanangu. Alikuwa anaona aibu ya kweli, na alikuwa tayari kukaa na kidonda kuliko kurudi mbele ya watu waliompigia makofi. Nikabembeleza, nikakasirika, nikapigia mama simu Bungoma, akabembeleza pia. Wapi. Mwishowe nikasema basi twende Kitale, huko hakuna mtu wa kanisa letu. Akafikiria kidogo, akaniambia nimtolee leso yake nzuri.

Daktari wa Kitale alikuwa kijana, pengine tunalingana. Alisafisha vidonda, akapima sukari, akakunja uso. Kisha akatoa kauzi ka nailoni, kagumu kidogo kama kale ka kuvulia samaki, na akamwambia Kukhu afunge macho. Kila akihisi kitu kwa unyayo aseme ndio. Akagusa kidole kikubwa. Akagusa kidole kidogo, katikati ya unyayo, kando. Mimi nimesimama hapo, nataka kusema ndio kwa niaba yake.

Kukhu akangoja na adabu zake zote. Halafu akasema, "Nyanya yako yuko tayari, daktari. Utaanza saa ngapi?"

Daktari hakucheka. Akamwambia afungue macho, akarudia akiangalia. Kukhu akaona ule uzi ukijikunja kwa ngozi yake kama unagusa mguu wa mtu mwingine.

Hapo ndipo nilipata jibu langu. Sukari ikikaa juu sana inaharibu neva, na neva ikiumia inapiga kelele, ndiyo ule moto. Ikizidi kuumia, inakata, haisikii tena kitu. Kukhu alikuwa ameshangilia mahali angelia. Daktari akasema wazi kwamba kidonda kikifika mfupa, mguu unaweza kukatwa.

"Kuna dawa ya kurudisha maumivu?" Kukhu akauliza.

Hakuna ya kuahidi, daktari akasema. Kwanza arudie dawa ya sukari, ili neva zilizobaki zisife. Atapimwa damu pia, kwa sababu ile tembe ya sukari aliyokunywa miaka mingi inaweza kupunguza vitamini fulani ya neva, na ikipatikana iko chini kuna sindano. Nikauliza, na ule moto ukirudi? Akasema kuna tembe ambazo pia hupewa watu wenye ugonjwa wa huzuni, kwa kipimo kidogo, lakini zinaleta kizunguzungu na mzee anaweza kuanguka. Kuna zingine zinaleta usingizi. Kuna hata mafuta ya pilipili, ila si kwa kidonda.

"Pilipili kwa miguu," Kukhu akasema. "Na ugali mtaleta lini?"

Tulirudi nyumbani na bandeji, na kazi yangu mpya: kila jioni naangalia nyayo zake na tochi ya simu, naingiza mkono kwa gamubuti zake kabla avae, nione kama kuna jiwe. Na anakaa mbali na moto. Kidonda kilichukua muda mrefu, lakini kikafunga, na mguu uko.

Halafu akasimama tena kanisani. Hakuna mtu alimtuma. Akasema, "Niliwaambia nimepona, kumbe nilikuwa nimekufa ganzi. Mungu hakudanganya. Ni mimi sikuuliza." Akaomba wazee wenye sukari wavue viatu, watoto wawaangalie chini ya miguu. Watu wakacheka. Mzee mmoja wa kanisa akavua chake akicheka pia, na soksi yake ilikuwa na damu. Akaacha kucheka.

Mwanangu, mimi si mzee, lakini hili nakuachia. Kitu kikikuuma, tafuta kinatoka wapi. Kikiacha kukuuma, tafuta kimeenda wapi. Omba, na dawa umeze, hivyo viwili havijawahi kugombana. Na ukikosea mbele ya watu, rudi mbele ya watu hao hao.

Mungu akupe miguu inayosikia mawe ya barabara, na akupe mtu wa kukuangalia pale macho yako hayafiki.