Bibi wa Kalinzi aliambiwa saa kumi na mbili, madaktari wakaanza saa tano. Hizo saa tano za katikati tulizikata sisi viongozi

Wakuu, habari za humu.

Mimi ni msomaji wa kimyakimya, leo ndiyo mara ya kwanza nafungua uzi wangu mwenyewe. Nimeuandika na kuufuta mara tatu. Elimu yangu ni darasa la saba, kwa hiyo mkikuta sentensi imepinda mnyooshe wenyewe. Lakini jambo lenyewe nimelinyoosha. Sijaongeza kitu, na pale nilipokosea mimi nimepaandika pia.

Mimi ni mama, fundi cherehani pale Mwanga, karibu na soko. Najua mnavyotusema mafundi kwa ahadi za "njoo Ijumaa". Mtacheka mbele, subirini.

Nina tabia moja, kila siku jioni naandika kwenye daftari yaliyopita siku hiyo. Nani kaleta kitambaa, nani nimemjibu vibaya, mvua imenyesha au haikunyesha. Hilo daftari ndilo limenisuta kwenye hii habari.

Pia mimi ni kiongozi kwenye kikundi cha kujitolea. Hatulipwi. Kazi yetu ni kuwaambia watu mambo ya afya yanapokuja, kuandika majina, kuwaleta wagonjwa, kupanga foleni. Kikundi kina watu wa mjini, wa Katonga kule kwenye dagaa, na wa milimani Kalinzi.

Juu yangu yupo mratibu. Jina lake naliacha. Ni mtumishi aliyehamishiwa huku kutoka mkoa mwingine, na kujitolea anajitolea kweli. Pikipiki yake, mafuta yake, vocha yake. Hilo namwekea hapa mapema, maana huko chini nitakasirika na sitaki kumdhulumu.

Sasa twende.

Ikaja taarifa kwamba madaktari wa macho wanakuja kwenye kituo kimoja cha afya hapa mjini. Siku mbili tu. Siku ya kwanza kupima, siku ya pili kuwapasua wenye mtoto wa jicho waliopimwa jana yake. Asubuhi ya tatu wanaondoka. Asiyepimwa siku ya kwanza hapasuliwi.

Nikafurahi kwa sababu ya mtu mmoja, Bibi Anastazia wa Kalinzi. Ni mjane. Jicho moja limekufa kabisa, la pili lina ukungu mweupe. Alikuwa analima kahawa yake mwenyewe, sasa anapapasa ukuta kwenda chooni. Kiongozi wetu wa kule, dada Yasinta, ndiye aliyemwandikisha.

Mratibu akatuma kwenye grupu kwamba kupima kunaanza saa tatu asubuhi, tuwataarifu watu wetu.

Nikawataarifu.

Siku yenyewe nilifika kituoni saa mbili kasoro. Nikawakuta wazee wameshakaa kwenye benchi, na wale mama wa Katonga wamekuja moja kwa moja kutoka kuanika dagaa, kanga zinanuka ziwa. Mwisho wa benchi yuko Bibi Anastazia, fimbo katikati ya magoti, kajifunga kitenge kizito cha baridi ya mlimani.

Nikamwamkia shikamoo, nikamuuliza kafika saa ngapi. Akasema alifika mlinzi akiwa bado hajafungua geti.

Aliletwa na bodaboda anaitwa Hamisi, ndiye pekee anayemwamini. Anamfunga kwa kanga kiunoni kwake ili asidondoke kwenye kona za kushuka Kalinzi. Hamisi alikubali kumsubiri mpaka saa saba mchana, baada ya hapo ana mizigo ya watu.

Nikamwambia bibi, "Kaa tu bibi yangu, wanaanza sasa hivi."

Hiyo ilikuwa saa mbili. Mimi mwenyewe niliambiwa saa tatu. Nilisema tu, kama tunavyosema.

Saa tatu, hakuna daktari. Saa nne, hakuna. Mratibu mwenyewe alifika saa nne na robo, anasalimia watu vizuri tu, hana wasiwasi.

Saa tano kamili, narudia, kamili, gari la madaktari likaingia getini. Wakashuka wakavaa makoti, wakaanza kazi bila hotuba. Daktari mkubwa aliwaangalia wazee waliosinzia kwenye benchi, akamuuliza muuguzi kwa nini wamekuja mapema hivyo.

Mapema.

Wakaita kwa listi. Listi niliiandika mimi, kwa jinsi majina yalivyonifikia. Wa mjini walinifikia kwanza kwa sababu wako karibu na cherehani yangu. Wa milimani mwisho. Bibi Anastazia aliyefika kabla ya geti kufunguliwa alikuwa namba thelathini na nne.

Wapo walioingia saa tano na nusu wananukia sabuni, wakakaa dakika kumi, wakaitwa. Niliyaita majina yao kwa sauti yangu mwenyewe.

Ilipofika saa saba na dakika chache, Hamisi akaja kumchukua abiria wake. Mimi nilikuwa ndani nashika mkono wa mzee mwingine anayeogopa tochi ya daktari. Bibi aliuliza kwa watu waliokaa naye kama namba yake iko karibu. Wakamwambia bado sana. Akainuka.

Saa nane kasoro nikatoka na listi nikaita Anastazia wa Kalinzi. Nikaita tena. Mama mmoja wa Katonga akasema yule bibi kaondoka, alikuwa anatetemeka kwa njaa.

Muuguzi akapiga mstari.

Wakuu, damu ilinichemka. Nilimfuata mratibu nyuma ya jengo, mbele ya watu wawili watatu, nikamwambia umetutangazia saa tatu, madaktari wamekuja saa tano, huyu bibi amekaa tangu alfajiri, nani anajibu hili?

Hakupandisha sauti. Akatoa simu, akanionyesha meseji ya madaktari. Imeandikwa wataanza saa tano asubuhi. Ilikuja wiki nzima kabla.

Nikamuuliza, sasa hii saa tatu uliitoa wapi?

Akasema, "Fundi, watu wa huku unawajua. Ukiwaambia saa tano wanakuja saa saba. Nikakata mbili."

Hilo neno "watu wa huku" lilinichoma. Maana watu wa huku ndio hao waliokuwa kwenye benchi kabla ya geti. Waliochelewa ni sisi wenye simu na vyeo.

Nikamjibu hivyo hivyo. Nikamwambia mwenye kuchelewa hapa ni wewe, umekuja saa nne na robo kwenye shughuli uliyoitangaza saa tatu.

Akacheka kidogo. "Wewe wa kunifundisha muda? Shati langu la harusi ya mdogo wangu ulisema Jumatano, nikalichukua Jumapili harusi imeshapita." Wale waliosimama pale wakacheka. Halafu akaniuliza taratibu, "Na huyo bibi, wewe ulisema aambiwe saa ngapi?"

Nilijua ninachokwenda kukuta nyumbani kwenye daftari.

Lile shati ni kweli, wakuu. Nilichukua kazi za watu kumi na nne wiki ile kwa sababu siwezi kusema hapana. Ni ugonjwa uleule ulionipa uongozi.

Jioni nikafungua daftari, nikarudi nyuma. Mwandiko wangu huu hapa: "Mratibu kasema saa tatu. Mjini waambie saa mbili. Yasinta mwambie saa moja, wa mlimani wako mbali."

Nikampigia Yasinta. Nikamuuliza, bila ukali, aliwaambia watu wake saa ngapi. Akasema kumi na mbili, maana nilimwambia saa moja na yeye anatujua watu wa mjini kwa kuhimiza, akaona akikata moja hataharibu kitu.

Hesabu iko wazi. Mratibu alikata mbili, mimi nikakata mbili, Yasinta akakata moja. Jumla tano. Kila mmoja wetu alikata kwa nia njema, na kila mmoja alidhani anakata peke yake. Zote zikamwangukia mwanamke mmoja asiyeona, juu ya benchi.

Sikulala vizuri kuwaza, lakini mchana, kabla sijaondoka kituoni, nilikuwa nimefanya jambo moja. Nilirudi kwa muuguzi nikamwomba kama mtoto. Akaingia kwa daktari mkubwa, akatoka na jibu kwamba bibi akiwepo kesho saa mbili asubuhi, atamwangalia mlangoni kabla hajaingia chumba cha upasuaji. Akishaingia hatoki mpaka jioni, na kesho kutwa wanaondoka.

Saa mbili. Nafasi ilikuwa imerudi mkononi mwangu.

Nikampigia tena Yasinta, nikamwambia bibi afike saa mbili.

Yasinta akaniuliza, "Saa mbili ya kweli au ya kwetu?"

Wakuu, ulimi uliniwasha niseme saa moja. Nilikuwa na sababu nzuri kabisa, kwamba safari hii ni hatari. Lakini nilikuwa nimetoka kusoma mwandiko wangu mwenyewe muda si mrefu. Nikasema ya kweli, saa mbili ni saa mbili, usikate wala usiongeze. Akasema sawa dada, na najua alifikisha hivyo hivyo kwa sababu baadaye bibi alinirudishia maneno yenyewe.

Kesho yake nilikuwa getini kuanzia saa moja. Saa mbili ikafika. Daktari akatoka mlangoni, akaangalia kulia na kushoto, akaniangalia mimi. Nikamwomba dakika kumi. Akanipa ishirini, Mungu ambariki, hakuwa na deni na mimi. Saa mbili na dakika ishirini akaingia ndani, mlango ukafungwa.

Simu ya Hamisi haikupatikana. Kule kwenye kona mtandao hakuna.

Walifika saa nne. Hamisi kazima pikipiki yuko na raha zake, amembeba bibi vizuri, hajakimbiza. Nikamuuliza kwa sauti ambayo naionea aibu, kwa nini saa nne?

Akanishangaa kweli. "Dada, jana mlisema kumi na mbili, wakaanza tano. Leo mmesema mbili, si ndiyo saba? Nikapeleka kwanza magunia mawili ya kahawa. Tumewahi saa tatu nzima."

Nilitaka kumtukana. Lakini amejifunza kwetu, na hesabu yake haina kosa hata moja.

Bibi alikuwa bado kakaa kwenye pikipiki, kanga haijafunguliwa kiunoni. Akasema Yasinta alimwambia saa mbili ni saa mbili, naye alikuwa tayari tangu kulipopambazuka, kakaa nje na mfuko wake, kila akimuuliza Hamisi anaambiwa bado mapema bibi, watu wa mjini hao.

Nikamwambia ukweli wote, kwamba daktari ameshaingia, na kwamba jana saa zake nilizikata mimi na wenzangu. Nilimwambia kwa Kiha changu kibovu ili asinielewe vibaya.

Akasema, "Mimi saa siioni, mwanangu. Naisikia kwenu."

Basi. Nilimnunulia uji, akanywa nusu, wakapanda kurudi mlimani.

Madaktari waliondoka. Watarudi, ila tarehe hakuna anayeijua. Jina la Bibi Anastazia liko namba moja kwenye listi mpya, na safari hii naandika kwa umbali anakotoka mtu, aliye mbali aitwe kwanza. Jambo hili dogo lingemwokoa siku ile hata na uongo wetu wote wa saa, na halikuhitaji semina.

Bado nina hasira, sitaki kuwadanganya kwamba imeisha. Tunasema watu hawajali muda. Watu wanajali. Tumewafundisha sisi kwamba saa ya kiongozi haina maana, anayetuamini anakaa kwenye benchi na mjanja anakuja baadaye anaitwa wa kwanza. Halafu tunasimama mbele kuhimiza kuwahi.

Kikao kilichofuata cha kikundi kilikuwa zamu yangu kukiitisha. Nikatangaza saa nane, na saa nane nikafungua tukiwa watatu, mimi, Yasinta aliyeshuka kutoka Kalinzi, na mama mmoja wa Katonga. Nilijiona mjinga kusimama mbele ya watu wawili na viti ishirini. Tukamaliza saa tisa kasoro. Mratibu alifika saa tisa, akatukuta tunarudisha viti. Alikasirika, akasema nimemdharau. Inawezekana kidogo nilifurahi, na hilo nimeliandika kwenye daftari.

Wiki hii katuma tangazo jipya kwenye grupu. Limeandikwa "saa nne kamili, YA KWELI."

Wengine wameweka vidole gumba. Mimi sijaweka. Namshukuru, ameanza. Lakini mpaka siku atakapoandika saa nne peke yake na Hamisi akaiamini, sisi bado tunadaiwa na yule bibi.

Niambieni kama namwonea mratibu, nitasoma zote. Na wewe unayeongoza kikundi chochote, kwaya, kamati ya msikiti, wazazi wa shule, usiniandikie maelezo marefu. Andika namba tu hapo chini, kwamba huwa unakata saa ngapi.

Mimi naanza. Mbili.